Barabara Ilipofika kwa Kina Nzisa

Wanawake wengine hupendwa kwa barua, wengine kwa simu, wengine kwa kuviziwa nje ya kanisa ibada ikiisha. Nzisa binti Kimeu alipendwa kwa mita kumi na mbili kwa siku.

Hicho ndicho kipimo cha kabro, yale matofali ya barabara, ambacho Musyimi na mafundi wenzake walikuwa wakitandika katika mtaa wa Kwa Nthiwa, mjini Kitui, kuanzia juu kwenye tangi la maji kushuka hadi barabara kubwa. Miaka yote mtaa ule ulikuwa wa vumbi jekundu. Ukianika shuka nyeupe asubuhi, jioni unaanua shuka ya rangi ya chai. Basi kazi ilipoanza, kila mtu alitoka langoni kuangalia, na Nzisa aliangalia kutoka dirishani alikoweka cherehani yake ya kushonea sare za shule.

Kwanza aliona kofia ya bluu tu, mbali, imeinama. Wiki iliyofuata akaona mabega. Halafu mikono, inavyopokea tofali, inavyoligonga kwa nyundo ya mpira, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Barabara ilipofika kwa Hasina, jirani wa upande wa pili, Nzisa alikuwa ameshajua anavyocheka, na alikuwa ameshaharibu kola tatu kwa kutazama nje badala ya kutazama sindano.

Sasa, kama ni kazi iliyokuwa ngumu au ni moyo, mimi sijui. Lakini mbele ya lango la kina Nzisa zile mita kumi na mbili zikawa nne. Kipande kile Musyimi alikitandika, akakifumua, akakitandika tena. Mtaa mzima uliona. Hasina, ambaye huuza mahamri na viazi karai kwenye baraza yake, alitangaza mbele ya wateja kwamba pale kwa Mama Nzisa ardhi ina mlima usioonekana kwa macho.

Hayo yalikuwa ya mwezi wa tatu. Mwezi wa sita sasa, Alhamisi asubuhi, barabara ilikuwa imebakiza hatua chache ikutane na lami kubwa, na Musyimi alikuwa amesimama nje ya dirisha, kofia mkononi.

"Nzisa."

"Niko kazi."

"Nimeona. Hiyo cherehani haina uzi."

Nzisa akaangalia. Kweli, uzi ulikuwa umeisha zamani, na yeye alikuwa akikanyaga tu. Akacheka, akafunika uso kwa kitambaa cha kaptura ya mtoto wa darasa la pili.

Musyimi hakucheka naye. "Shangazi yangu alikuja kwenu jana."

"Nilimwona. Mama alimfukuza tena?"

"Hakumfukuza. Alimpatia chai vikombe mbili, akamwambia wataonana Mungu akipenda."

"Basi alimfukuza," Nzisa alisema kwa sauti ya chini. Alimjua mama yake.

"Wazee wangu wako tayari. Mbuzi za ntheo, zile za kukuposea, ziko hapo kwetu Kanyangi, tatu, zimenona, nimezichagua mimi mwenyewe. Wanataka kuja Jumamosi ya wiki ijayo. Lakini mtu hawezi peleka mbuzi kwa lango lenye limefungwa." Akasogea karibu na vyuma vya dirisha. "Jumatatu nahamia mji wa Wote. Kazi ya huko ni miezi nane. Niambie ukweli, mpenzi. Ni mimi? Ni hii kazi ya kupiga magoti kwa barabara?"

"Si wewe."

"Basi ni nani?"

"Sijui, Musyimi. Aki sijui."

Na hakujua. Hiyo ndiyo iliyomuuma. Miaka mitano nyuma kulikuwa na Kisilu, mwalimu, kijana mpole wa kanisani, ambaye mama alimpenda kama mtoto wake mpaka siku aliyotaja mbuzi. Baada ya hapo chai ikawa chai ya wageni. Kisilu alingoja mwaka mmoja, akaenda kuoa kule Malili. Nzisa alikuwa na miaka thelathini na moja sasa. Hakuogopa uzee, aliogopa kumwona mwanamume huyu naye akichoka kungoja.

Musyimi aliweka mkono kwenye chuma cha dirisha. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa saruji, ukucha mmoja mweusi. Nzisa akaweka wake juu yake, mchana kweupe, Hasina akiona.

"Mimi hupita kila mahali," Musyimi alisema. "Ndio kazi yangu. Natengeneza mlango wa mtu vizuri, halafu naenda zangu. Hapa tu ndio sitaki kupita."

Akavaa kofia, akarudi kazini. Nzisa alibaki ameshika chuma chenye joto la mkono wake. Halafu akaondoka kwenye kiti, akaenda uani kumtafuta mama yake.

Ni lazima nikwambie Mama Nzisa alikuwa nani katika mtaa ule, la sivyo hutaelewa. Jina lake Kalekye. Kanisani aliongoza ushirika wa akina mama. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa ntheo. Binti yeyote wa Kwa Nthiwa akiletewa mbuzi, aliyeitwa kusimama langoni ni Mama Nzisa. Ndiye aliyewazuia wageni wa bwana harusi mpaka waimbe vizuri, ndiye aliyewafunika wasichana leso kutoka kichwa hadi magoti ili kijana amtafute wake, ndiye aliyejua mbuzi gani achinjwe na bega lipewe nani. Wazee wenyewe, wakibishana kuhusu mila, walikuwa wakimtumia mtu aende amuulize. Mwezi uliopita alikuwa amemfungulia mlango Nthenya, binti wa nyumba ya tatu, na bwana wa Nthenya anaendesha boda boda.

Nzisa alimkuta amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, akichagua ndengu.

"Mwaitu, nataka tuongee."

"Ongea. Mikono ndiyo iko kazi, masikio yako bure."

"Kwa nini ulimrudisha shangazi ya Musyimi?"

"Sikumrudisha. Alikunywa chai."

"Mwaitu!"

"Nini sasa? Unataka nikubali tu? Mtu leo ako Kitui, kesho Wote, kesho kutwa hujui. Anaoa na kuhamahama kama nyuki."

"Bwana ya Nthenya ni wa boda. Yeye hulala wapi, si kwa barabara? Na ulimwimbia mpaka sauti ikakauka."

"Nthenya si mtoto wangu."

"Na Kisilu? Kisilu alikuwa mwalimu. Alikuwa na nyumba. Alikuwa anaimba bezi kwa kwaya. Yeye alihamahama wapi?"

Mama Nzisa aliokota jiwe dogo kati ya ndengu, akalitupa. Akaokota lingine. Halafu akatupa hata ndengu nzima, na Nzisa, ambaye alikuja na hasira yake imejaa mpaka shingoni, aliiona ile ndengu na hasira ikaanza kumtoka bila ruhusa yake.

"Unawafungulia wasichana wa watu milango," alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Wote. Mimi pekee ndio umenifungia. Nimekukosea nini, mwaitu?"

Redio iliyokuwa ikisema kwenye chumba cha nyuma ikazimwa. Mzee Kimeu akatokea mlangoni. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mtu mrefu, asiyesema maneno kumi kabla ya chakula cha mchana.

"Kalekye," alisema. "Mwambie mtoto."

"Rudi kwa redio yako."

"Mwambie. Ama niseme mimi."

"Kimeu, nakuomba kwa jina la Yesu."

Mzee alishuka ngazi mbili za uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mkewe. Hakumwangalia Nzisa. Aliziangalia ndengu.

"Kwa kina mama yako, kule Tulia," alisema, "mimi sijawahi peleka mbuzi hata moja."

Nzisa hakuelewa mara moja. Cheti cha ndoa cha kanisani kilikuwa ukutani sebuleni, kwenye fremu. "Lakini mlifunga harusi..."

"Kanisani tulifunga. Mchungaji hakuuliza mbuzi. Mwaka ule mvua ilikosa, za kwetu zikakufa zote, na mama yako alikuwa na wewe kwa tumbo. Akakuja hivyo tu, na begi moja. Tukasema mvua ikinyesha nitapeleka." Akakohoa. "Na unajua mila. Mimi siwezi pokea mbuzi za mtoto na za mama yake sijatoa. Wazee wakikaa hapa kwa ntheo yako, mjomba wako Ndolo lazima aitwe kutoka Tulia, na kitu ya kwanza atauliza ni hiyo. Mbele ya watu wote."

Ndipo Nzisa alipokumbuka mambo ambayo hakuwahi kuyapa maana. Kila Desemba baba aliwapeleka Tulia, akawashusha, akasalimia akiwa amesimama, akageuza gari. Hakuwahi kulala kule hata usiku mmoja. Nzisa alidhani ni kuona haya tu kwa mtu mkimya.

"Lakini miaka hiyo yote, baba. Mvua ilinyesha."

"Ilinyesha. Mbuzi nilinunua mwaka ule uliingia darasa la kwanza. Ziko kwa ndugu yangu Ndululu. Zimezaa, zimezaana, juzi aliniambia ziko kumi na moja." Mzee akageuka kumwangalia mkewe, na katika uso wake hakukuwa na lawama, kulikuwa na uchovu wa mtu aliyegonga mlango mmoja miaka ishirini na tano. "Ni yeye alikataa nipeleke."

Ungo ukawekwa chini. Mama Nzisa akaficha uso kwa leso.

"Nilikuwa nimeshasema zililetwa," alisema ndani ya kitambaa. "Tulipohamia hapa, wamama wa kanisa waliniuliza. Nilikuwa msichana tu, na tumbo kubwa, na hakuna mtu ananijua. Nikasema ndiyo, zililetwa tatu. Wakaniheshimu. Halafu wakaniita nisaidie ntheo ya mtu, nikasaidia. Wakaniita tena. Sasa zikipelekwa, si kila mtu atajua hazikuwa zimepelekwa? Huyo Mama Nzisa anafundisha watu nini?" Akafuta macho. "Kinyozi hajinyoi, mwana wakwa. Kila msichana mwenye nilimfunika leso, nilikuwa najifunika mimi."

Nzisa hakuwahi kumwona mama yake akilia isipokuwa kwenye maombi. Alitaka kumkumbatia, na pia alitaka kupiga kelele. Alimfikiria Kisilu na mwaka wake mzima wa kungoja. Alimfikiria Musyimi, na Jumatatu.

"Basi mambo ni rahisi," alisema mwishowe. "Mbuzi zikae kwa Ndululu. Mimi Jumatatu nitaenda Wote na yeye. Na begi moja."

"Usithubutu!" Mama akasimama, ndengu zikamwagika uani. "Nzisa! Usiende hivyo! Unajua hiyo kitu inakula mtu namna gani? Unakuwa mgeni kwa nyumba yako. Ukikosana naye, huna kwa kurudi na kichwa juu. Ukipatana naye, pia ni kama umeiba. Miaka thelathini na moja, mwanangu!"

"Nimeona, mwaitu. Lakini umenibakishia njia gani nyingine?"

Nzisa akatoka langoni.

Musyimi alikuwa chini kabisa, kwenye mita za mwisho, amepiga magoti, uzi wa kupimia umevutwa mbele yake. Wenzake wawili walikuwa wakichanganya saruji ya kingo. Alipomwona Nzisa anashuka bila viatu vya kutokea, na patipati za nyumbani, aliweka nyundo chini.

"Jumatatu naenda na wewe," Nzisa alisema kabla hata ya kusimama sawa. "Bila mbuzi. Tukae tu."

Musyimi alikuwa amemtaka mwanamke huyu mwezi baada ya mwezi, na sasa mwanamke mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake akisema njoo unichukue. Mwanamume mwingine angeruka. Yeye aliinuka polepole, akajifuta magoti.

"Mama amesema nini?"

"Si maneno ya mama. Ni mimi nimesema."

"Jana ulikuwa unataka ntheo kuliko mimi. Leo unataka twende kama tumefukuzwa na polisi. Kuna kitu."

"Kipo."

"Niambie."

"Siwezi."

"Nzisa, mimi nitaambia wazee nini? Wameshatenga siku. Mama yangu ameshanunua leso. Nikiwaambia mmekataliwa, wataamini ni mimi niko na shida, ama ni wewe uko na mtu mwingine. Uko na mtu?"

"Hapana!"

"Basi ni nini?"

Alikuwa na haki ya kujua. Neno moja tu na angeelewa, na angebaki wake. Nzisa alifungua mdomo. Akamkumbuka mama yake kwenye kigoda, ameficha uso kwa leso.

"Siri si yangu," alisema. "Ukiona huwezi kunichukua bila kuijua, Musyimi, sitakulaumu. Nenda tu. Lakini ya mtu mwingine siwezi kuitoa, hata nikikukosa. Na nitakukosa. Nitakukosa mpaka nife."

Musyimi alimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa vumbi la saruji, labda si vumbi.

"Basi nitaitoa mimi."

Wote wawili waligeuka. Mama Nzisa alikuwa amesimama hatua tano nyuma yao juu ya kabro mpya, leso kichwani, pumzi juu juu, maana alikuwa ameshuka mtaa mzima karibu akikimbia. Alikuwa amekuja kumrudisha binti yake kwa nguvu. Lakini alikuwa ameyasikia maneno ya mwisho, na nguvu zote zilikuwa zimemwisha.

"Huyu mtoto anataka kupoteza bwana kwa ajili ya aibu yangu," alisema. "Mimi nilikataa kupoteza jina kwa ajili yake. Kijana, sikia. Mimi sikuletewa mbuzi. Mzee wangu anazo, ni mimi nilimkataza. Nimedanganya huu mtaa miaka yote. Ndio sababu shangazi yako anakunywa chai na kurudi. Sasa umejua. Ukitaka kucheka, cheka."

Wale mafundi wawili waliacha kukoroga saruji. Lori lilipita kwenye lami kubwa, likaenda zake.

Musyimi akavua kofia. Akapangusa mkono wake kwenye suruali, upande huu na upande ule, akaunyosha kwa heshima, na mkono wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia.

"Mwaitu, shikamoo kwanza."

"Marahaba," alijibu Mama Nzisa, akiwa haamini.

"Mamangu aliletewa mbuzi nikiwa fomu tu."

"Nini?"

"Fomu tu, mama. Kidato cha pili, muhula wa pili. Nilipewa shati mpya nikabeba sukari. Na si sisi peke yetu, hapo Kanyangi ukihesabu nyumba zenye watoto walishikia baba kamba ya mbuzi, utachoka. Walimfunika mama leso pamoja na wasichana wadogo sita, baba akaambiwa atafute wake. Alikuwa ameanza kuwa mzee, macho si mazuri. Akaangalia miguu tu, akasema, huyu."

"Alimjua kwa miguu?"

"Kwa miguu. Mama akalia hapo ndani ya leso mpaka wakaogopa. Mpaka leo wakikosana humwambia, wewe Mutua, ulinichagua mara mbili, sasa unanisumbua nini?"

Mama Nzisa akaangalia chini. Miguu yake mwenyewe ilikuwa kwenye patipati, visigino vimepasuka, kidole kimoja kimefungwa plasta. Kitu fulani kikaanza kutikisika kifuani mwake. Nzisa alidhani ni kilio kimerudi, akamshika. Kumbe kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la kabro, akicheka na kulia pamoja, na Nzisa akakaa naye, wakashikana.

"Fomu tu!" alisema, akipangusa macho. "Na mimi nimejinyonga moyo miaka yote hii!"

Jioni ile Mama Nzisa alimpigia simu kaka yake Ndolo, mlango wa chumbani umefungwa. Alitoka baadaye akasema kwamba wazee wa Tulia watangoja Jumamosi hii, kwamba mama yao, mwenye miaka themanini na nane, ameuliza tu kwa nini Kimeu amechelewa, na kwamba yeye atatangulia Ijumaa, maana msichana hupatikana kwao, hafiki kwao siku moja na mbuzi. Halafu akaingia kupika. Mzee Kimeu alitafuta koti lake la harusi, akalijaribu mbele ya kioo, akamwita Nzisa.

"Linabana?"

"Kidogo tu, baba."

"Wakimuuliza mama yako kama anakubali mbuzi ziliwe, atasema ndiyo?"

Alikuwa anauliza kweli. Baba yake, mwenye mvi, mwenye binti huyu mmoja, wana wawili waliooa na wajukuu wawili, alikuwa ameshika vifungo vya koti akiogopa kukataliwa. Nzisa alimfunga kile cha katikati, akampiga begani.

"Ameshasema ndiyo, baba. Sasa atasema kwa sauti."

Ijumaa saa nne asubuhi Mama Nzisa alitoka langoni na begi lake. Alikuwa amevaa gauni la samawati la ushirika na leso mpya juu yake. Nzisa alimfuata mpaka kwenye lango akabaki hapo, kwa sababu alikuwa ameambiwa abaki. Barabara ilikuwa imekamilika jana yake jioni kwa kila mtu isipokuwa Musyimi, ambaye bado alikuwa akifagia mchanga uingie kwenye mianya, kazi ambayo fundi yeyote angemwachia mwingine.

Ilikuwa saa ya watu. Mama Nthenya alikuwa akipiga deki baraza. Wanawake wawili wa kwaya walikuwa wakinunua mahamri kwa Hasina. Wote walimwona Mama Nzisa amevaa vile, na wote walijua akivaa vile huwa anaenda wapi.

"Mwenzangu, wapendeza!" Hasina alimwita. "Waenda kumfungulia nani mlango leo?"

Mama Nzisa alisimama katikati ya barabara. Nzisa aliona mgongo wake ukinyooka, na alijua kwamba angeweza bado kusema jina la msichana yeyote wa Tulia, wakamwamini, kama walivyomwamini siku zote.

"Leo sifungui," Mama Nzisa alisema, kwa ile sauti yake ya langoni, ya kusikika hadi nyumba ya mwisho. "Leo ni ntheo yangu. Kimeu analeta mbuzi kesho. Hazikuwa zimeletwa."

Ndoo ya Mama Nthenya ilianguka. Wale wa kwaya waliangaliana. Nzisa, pale langoni, alishika chuma kwa mikono miwili.

Hasina ndiye aliyeanza. Aliweka kijiko cha mafuta chini, akapanua mdomo, akapiga kigelegele kirefu cha pwani ambacho Kitui haikuwahi kukisikia vizuri namna ile. Mama Nthenya akamjibu. Mmoja wa wale wa kwaya akafuata, na yule wa pili akaacha mahamri yake, akaja mbio na kumkumbatia Mama Nzisa akisema kwenye sikio lake kitu ambacho Nzisa hakukisikia, ila alimwona mama yake akishtuka, akimwangalia yule mwanamke, kisha akimshika mkono na kusema, "Hata wewe? Ai! Nikirudi uje nyumbani."

Musyimi alikuwa amesogea na ufagio wake.

"Mwaitu, nikubebee begi mpaka stendi?"

Mama Nzisa alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, kama anavyowatazama wote wanaokuja na mbuzi.

"Beba," alisema, akampa. "Na uambie wazee wako waje ile Jumamosi yao, saa tatu. Saa tatu si saa tano. Mimi wageni wa kuchelewa huwaacha nje kwa jua."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na ufagio umpe mtu mwingine. Barabara imeisha, kila mtu anaona imeisha."

Wakaondoka pamoja, yeye mbele, Musyimi nyuma na begi. Baada ya hatua chache Musyimi aligeuka, akamtafuta Nzisa kwa macho pale langoni. Hakupunga mkono, hakusema kitu. Alitabasamu tu, na Nzisa akalia kwa furaha mbele ya majirani wote, bila kuficha uso.